Dawa ya Wadudu Ikiingia Mwilini mwa Mnyunyizaji

Wakulima wengi wa pamba, nyanya na kabichi hununua dawa za kuua wadudu kila msimu, na wengi wao wamekwisha kujifunza kupima dawa, kuichanganya na maji na kunyunyizia majani pande zote mbili. Hayo ni mema. Lakini somo hili halihusu funza wa vitumba wala vidukari. Linahusu mwili wa yule abebaye bomba mgongoni. Yafaa kila mkulima ajue ni jambo gani hutendeka ndani yake dawa inapopenya, kwa sababu dalili za sumu hii hufanana na za maradhi mengine, na wako watu waliotibiwa malaria huku sumu ikiendelea na kazi yake.

Dawa tunazozisema hapa ni za jamii moja kubwa iitwayo oganofosfeti. Mara nyingi mkulima hataliona jina hilo kwenye chupa. Ataona jina la biashara kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la sumu yenyewe. Soma hizo ndogo. Ukikuta profenofos, dimethoate, chlorpyrifos, malathion, diazinon, fenitrothion au pirimiphos-methyl, basi umeshika dawa ya jamii hii. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomo katika Actellic, vumbi la kuhifadhia mahindi ghalani.

Dawa hizi hazina nguvu sawa. Malathion na pirimiphos-methyl ni pole kuliko dimethoate, na dimethoate ni pole kuliko parathion na monocrotophos, ambazo nchi nyingi zimekwisha kuzipiga marufuku kwa ukali wake. Tazama mstari wa rangi ulio chini ya kibandiko. Mwekundu ni sumu kali kupita zote, wa njano unafuata, kisha wa buluu, na mwisho wa kijani. Nyingi za oganofosfeti zitumikazo shambani zina mstari wa njano. Wengine hufikiri njano maana yake ni salama, kwa kuwa si nyekundu. Sivyo. Dawa ya njano imelaza watu wengi kitandani, na wengine hawakuinuka.

ASILI YA SUMU HII

Mwaka 1936 mkemia mmoja wa Ujerumani, Gerhard Schrader, alikuwa akitafuta dawa ya kuua wadudu waharibuo mazao. Katika kazi hiyo akapata kitu kilichoitwa tabun. Kilikuwa kikali hata kiasi kidogo sana kilichomfikia yeye na msaidizi wake maabarani kiliwabana mboni za macho, wakaona giza, na pumzi zikawa za shida. Jeshi la Ujerumani likakichukua kiwe silaha. Mwaka 1938 ikafuata sumu nyingine ya namna hiyo, sarin. Baada ya vita wakemia wakarudi kwenye kazi ya shamba, wakatengeneza ndugu zake walio dhaifu zaidi, na hao ndio walio dukani leo.

Machi 1995 watu wa kikundi kimoja walimwaga sarin ndani ya treni za chini ya ardhi mjini Tokyo, Japani. Watu zaidi ya 10 walikufa na maelfu wakakimbilia hospitali. Mboni zilikuwa zimebana, pua na macho yanachuruzika, kifua kimekaza, wengine wanatapika. Daktari aliyepata kumtibu mkulima aliyekunywa dawa ya pamba kwa bahati mbaya angezitambua dalili hizo mara moja, kwa kuwa ni zile zile. Sumu ya vita huua kwa dakika chache na kwa kitone. Ya shambani huhitaji kiasi kikubwa zaidi na mara nyingi huchukua saa kadhaa. Lakini mahali inapopiga mwilini ni pamoja. Sisemi hayo ili mkulima atupe bomba lake. Nasema ili asiione chupa ile kuwa kama chupa ya mafuta ya taa.

MFUNGA MLANGO WA MFEREJI

Mkulima amwagiliaye maji kwa mifereji ataelewa jambo hili upesi. Ubongo hutuma amri kwa njia ya mishipa ya fahamu: mguu uinuke, kifua kivute pumzi, mate yatoke. Mwisho wa mshipa haugusani na msuli. Kati yao pana nafasi ndogo mno isiyoonekana kwa macho. Ili amri ivuke, mshipa hutoa kitone cha kemikali iitwayo asetilikolini. Kitone hicho kikitua upande wa pili, msuli hukaza, au tezi hutoa maji yake. Ni sawa na mlango wa mfereji kufunguliwa maji yaingie tutani.

Sasa, mlango ukifunguliwa usifungwe, shamba litafurika. Kwa hiyo pale pale kwenye nafasi ile mwili umeweka mfunga mlango. Ni kimeng'enya ambacho kazi yake ni moja tu, kuikata asetilikolini vipande mara imalizapo kazi. Hufanya hivyo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ndipo msuli ulegee na kungoja amri nyingine. Ukitembea, ukila, ukilala usingizi, kazi hiyo inaendelea mwili mzima bila kukoma.

Oganofosfeti humshika huyo mfunga mlango na kumfunga mikono. Kitone kimetolewa, kimefanya kazi, lakini hapana wa kukiondoa. Kitone cha pili huja juu ya cha kwanza, na cha tatu juu ya cha pili. Msuli hukaza, hukaza tena, hutetemeka, mwisho huchoka usiweze kutii amri yoyote. Tezi humwaga maji yake bila kiasi. Mdudu naye ana mfunga mlango wa namna hiyo hiyo, ndiyo maana humwona akitapatapa juu ya jani kabla hajafa. Ini la mwanadamu huweza kuzivunja baadhi ya sumu hizi upesi kuliko mdudu awezavyo, na huo ndio upole wa malathion. Kwa nyingine, kinachomwokoa mnyunyizaji ni kwamba kiasi kilichomfikia ni kidogo.

Hapa ndipo pa kuangalia sana. Mshiko wa sumu juu ya mfunga mlango huwa mgumu kadiri saa zinavyopita, na ukikomaa haufunguki tena. Mwili hauna njia ila kuunda wapya. Kimeng'enya kilichomo katika chembe nyekundu za damu hurudi kwa kadiri ya sehemu 1 katika 100 kwa siku. Basi mkulima anyunyiziaye kila wiki bila kinga hupoteza wengine kabla wa wiki iliyopita hawajarudi. Hasikii lolote, au husikia kichwa kuuma jioni, kwa sababu bado wamebaki wa kutosha. Ikipotea zaidi ya nusu yao, dozi ndogo ambayo mwezi uliopita haikumdhuru yaweza kumwangusha. Ndipo watu husema, "Mbona dawa hii ameizoea miaka yote?" Hakuna kuizoea kwa kuigusa namna hiyo. Alikuwa akila akiba yake.

Iko jamii nyingine ya dawa iitwayo kabameti, ambayo ndani yake mna carbaryl, carbofuran na methomyl. Hutenda vivyo hivyo, ila mshiko wake hulegea wenyewe baada ya saa chache hadi siku moja. Mtu aliyedhurika nayo apelekwe kwa mganga upesi vile vile, kwa maana saa chache zatosha kuua.

DALILI, NA JINSI YA KUTOFAUTISHA NA MALARIA

Mwanzo kichwa huuma, kizunguzungu huja, jasho hutoka kwa wingi, mate hujaa kinywani, na macho huona ukungu. Tumbo husokota, kisha kutapika na kuhara. Kope au nyama za shavu na mapaja huchezacheza zenyewe. Sumu ikizidi, udenda na kohozi hububujika, kifua hukoroma, mkojo hutoka bila kujua, viungo hulegea, na mgonjwa aweza kupata degedege au kuzimia.

Kinachoua hasa ni pumzi. Mapafu hujaa maji ya tezi zake yenyewe, njia za hewa hubana, misuli ivutayo kifua huchoka, na sehemu ya ubongo iamuruyo kupumua hunyamaza. Mambo hayo manne yaweza kutokea pamoja, na mtu akazama akiwa nchi kavu.

Nimepata kumkuta mkulima wa pamba amelala chini ya mwembe, siku ya pili ya kunyunyizia. Mkewe alikuwa amekwisha kumpa vidonge vya malaria vilivyobaki nyumbani. Alikuwa akitapika na kulalamika kichwa, na mtu yeyote angedhani ni homa. Lakini mwili wake ulikuwa baridi, umelowa jasho, na alitema mate kila mara. Nikamtazama macho pale kivulini. Mboni zake zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini, na za mkewe aliyekaa kando yake zilikuwa pana kama kawaida. Tukamvua shati, tukamwosha, akapelekwa zahanati na kibandiko cha dawa mkononi.

Kila nyumba yafaa ijue kipimo hicho cha macho. Kifanyeni kivulini, kwa kuwa juani mboni za kila mtu hubana, na mlinganishe na za mtu mzima asiyegusa dawa aliyekaa hapo hapo. Hata hivyo mboni za kawaida zisiwatulize kama dalili nyingine zipo. Angalieni na wakati: dalili za sumu hii kwa kawaida huanza ndani ya saa 12 tangu mtu aguse dawa, na ni nadra kupita siku nzima. Malaria huleta homa, wala haileti udenda, mboni kubana na nyama kuchezacheza. Lakini mtu aweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo kipimo cha damu kikionyesha malaria, bado mwambieni mganga kwamba mgonjwa alinyunyizia dawa, na jina lake. Asipoambiwa hataweza kubuni.

NJIA YA NGOZI

Ukimwuliza mkulima sumu huingia wapi, atasema mdomoni na puani. Ni kweli huingia huko. Lakini kwa mnyunyizaji mlango mkubwa ni ngozi, kwa sababu oganofosfeti hupenda mafuta, na ngozi ina mafuta. Haiwashi wala haichomi kama asidi, kwa hiyo mtu hana habari.

Wala ngozi si moja mwili mzima. Mwaka 1971 huko Marekani watafiti walipima ni kiasi gani cha parathion hupenya ngozi ya watu waliojitolea. Katika mkono, kati ya kiganja na kiwiko, zilipenya karibu sehemu 9 katika 100. Katika kipaji cha uso sehemu 36. Kwapani sehemu 64. Katika ngozi ya korodani karibu yote ilipenya. Mkulima na afikiri basi juu ya bomba livujalo. Dawa hutiririka mgongoni, huingia kiunoni, hulowanisha suruali na kushuka mpaka pale ambapo ngozi haizuii kitu. Mtu huyo aweza kuwa amejifunga kitambaa puani kwa uangalifu, huku nguo yake ya ndani imelowa sumu kutwa nzima. Namwona huyo kila msimu, na kama ana fedha ya kitu kimoja tu, heri anunue mpira wa kuzibia bomba lake kabla ya kununua barakoa.

Saa ya hatari kubwa ni ile ya kuchanganya, wakati dawa haijatiwa maji. Vaa glavu za mpira, pima kwa kifuniko au kikombe cha dawa, koroga kwa mti. Suruali iwe nje ya buti, isiwe ndani, dawa isichuruzike mguuni. Nyunyizia asubuhi au jioni, upepo ukiwa mgongoni. Nguo ikilowa, acha kazi, vua, oga kwa sabuni, usiseme "namalizia mistari miwili." Tundu la kunyunyizia likiziba, lizibue kwa unyasi au maji, kamwe usilipulize kwa mdomo.

Tena yuko mtu ambaye hatumhesabu, naye ni yule afuaye. Nguo za kunyunyizia zikitiwa pamoja na nguo za watoto katika beseni moja, sumu huenda kwa watoto, na mikono ya mama ndiyo inayozama humo. Zifuliwe peke yake, kwa sabuni nyingi, aliyezivaa akizifua mwenyewe akiwa na glavu. Bwana atakayeona haya kufua na akumbuke kwamba mkewe hakuvaa buti wala glavu.

MTU AKIDHURIKA

Mwondoe shambani mara moja. Kabla ya kumsaidia, jikinge mikono. Mvue nguo zote zilizolowa, umwoshe kwa maji mengi na sabuni, pamoja na nywele, kucha, kwapa na mapaja. Watu huona haya kumvua mtu mzima mbele ya majirani. Mfunikeni kwa khanga safi, lakini mvueni. Kule Tokyo wahudumu wengi wa hospitali waliugua kwa mvuke uliotoka katika nguo za wagonjwa waliowapokea nazo. Na nguo iliyolowa dawa ya shambani huendelea kumpa mgonjwa sumu njia nzima ya kwenda hospitali.

Dawa ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi yatiririkayo kwa dakika 15. Mgonjwa alazwe ubavu, uso ukielekea chini kidogo, ili matapishi na udenda vitoke visimpalie. Akiacha kupumua, apulizwe pumzi na mtu aliyefundishwa, baada ya uso na kinywa chake kuoshwa vizuri.

Juu ya maziwa nitasema kwa urefu, kwa sababu imani hii imeenea kila mahali. Maziwa hayaui sumu hii. Hayafiki pale mfunga mlango alipofungwa mikono, na tumbo lililojaa maziwa hutapika zaidi. Mtu aliyelegea akitapika, matapishi huingia mapafuni. Dawa nyingi za chupa zimeyeyushwa katika mafuta yanayofanana na ya taa, na mafuta hayo yakiingia mapafuni huleta ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo asitapishwe kwa kidole, wala kwa maji ya chumvi, wala kwa mayai mabichi. Muda upoteao kukamua ng'ombe ungetosha kutafuta pikipiki.

Hospitali wana atropini. Dawa hiyo huzuia asetilikolini isitue kwenye tezi, mapafu na moyo, basi mafuriko hukauka na mgonjwa hupata pumzi. Huchomwa tena na tena mpaka kifua kiache kukoroma, na yaweza kuhitajika nyingi. Lakini haifiki kwenye misuli ya viungo, kwa hiyo baadhi ya wagonjwa huhitaji hewa ya oksijeni na mashine ya kupumulia. Iko pia dawa iitwayo pralidoksimu ambayo hujaribu kuufungua mshiko, nayo husaidia ikiwa tu mshiko haujakomaa. Ndiyo maana saa za mwanzo zina thamani.

Jamaa wasimtoroshe mgonjwa hospitalini kwa kuwa ameamka na kuomba uji. Kati ya siku ya kwanza na ya nne wengine hupatwa na udhaifu mpya: shingo hushindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto, kisha kifua nacho huanza kushindwa. Mwulizeni mgonjwa kila mara ainue kichwa. Akishindwa, mwiteni muuguzi hapo hapo. Akiwa nyumbani atakufa usiku. Aina chache za oganofosfeti hudhuru miguu baada ya wiki mbili au tatu. Mwaka 1959 huko Meknes, Morocco, watu wapatao 10,000 walipooza kwa kula mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na mafuta ya mitambo yenye kemikali ya jamii hii.

CHUPA TUPU

Julai 2013, katika jimbo la Bihar, India, watoto 23 wa shule walikufa kwa chakula cha mchana kilichopikwa kwa mafuta yenye monocrotophos. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza kuwa huenda mafuta yale yaliwekwa katika chombo kilichopata kuwa na dawa hiyo. Chupa ya dawa isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yatiwe ndani ya bomba yatumike shambani, kisha chupa itobolewe isifae kwa kitu chochote. Dawa iliyobaki isihamishiwe katika chupa ya soda. Iwekwe chini ya kufuli, mbali na watoto, na mbali na mtu aliyeelemewa na mawazo. Na ununue tu dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye kibandiko kizima, kwa maana dawa ya kupimiwa katika chupa ya maji haina jina la kumwonyesha mganga.

KURUDI KAZINI

Aliyeugua kwa sumu hii asiguse dawa ya jamii hiyo wala kabameti mpaka mganga aruhusu, hata kama anajisikia mzima. Kwa hesabu ya sehemu 1 katika 100 kwa siku, aliyepoteza nusu ya akiba yake yaweza kumchukua mwezi mmoja na nusu au zaidi kurudi alipokuwa. Katika pamba huo ni karibu muda wote wa kunyunyizia. Basi apange na ndugu au jirani wabadilishane kazi: huyu anyunyizie mashamba yote mawili, yule apalilie yote mawili. Mnyunyizaji avae kama ilivyoelezwa. Mpaliliaji naye asiingie shambani kabla siku zilizoandikwa kwenye kibandiko hazijaisha, kwa maana majani yaliyolowa dawa humpa ngozi sumu vile vile kama bomba livujalo.